Kaburi la Elia na Mashine ya Konstantino

Gorong'a,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Sylvester,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, ukiondoa mguu wangu wa kushoto, ambao umeamua kustaafu baada ya mimi mwenyewe kustaafu ualimu. Mvua zimewahi mwaka huu, na mahindi ya bondeni yamefika magotini. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Binti yangu Rose bado anafundisha Musoma, na analalamikia vumbi la chaki kama nilivyolilalamikia mimi.

Najua utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Ukipokea simu, Sylvester, unanijibu kabla sijauliza. Kwenye barua itabidi unisikilize mpaka mwisho. Nimempa Godwin, kondakta wa basi la Mugumu. Nilimfundisha kusoma mwenyewe, kwa hiyo anwani hataikosea.

Sasa jambo lenyewe. Shemeji yangu Nyangwine amesogeza mpaka. Unaukumbuka ule mstari wa minyaa ambao marehemu Elia aliupanda walipogawana shamba la baba yao. Tulipomzika Elia, tulimzika upande wetu, karibu na minyaa hiyo. Mwishoni mwa Januari nilitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, nikakuta minyaa imeng'olewa yote na mingine imepandwa upande huu wa kaburi. Mume wangu amehamia kwa ndugu yake bila kuamka.

Nilimwendea. Nikamuuliza, "Shemeji, minyaa imekosa nini?"

"Imezeeka. Nimeipanda upya."

"Mbona imezeeka ikatembea?"

Akasema maneno ya mipaka ni ya wanaume, na mwanamume wa mji huu aliyebaki ni yeye.

Chanzo chake nakijua. Nyangwine amempangisha chumba mchimbaji mmoja wa dhahabu, Masele, mtu wa Kahama. Siku moja Masele alionekana karibu na kaburi akiokota jiwe. Alilitemea mate, akaligeuzageuza juani, akalitia mfukoni. Tangu siku hiyo Nyangwine amelipenda sana kaburi la kaka yake, ambalo tangu mazishi hajawahi kung'oa hata jani moja juu yake.

Nataka kumshtaki kule Bomani, kwenye Baraza la Ardhi la Wilaya. Wewe umekuwa karani wa mahakama mpaka nywele zikakutoka. Niambie nianzie wapi.

Dada yako,
Mokami

—

Mugumu,
2 Machi 2024

YAH: MGOGORO WA MPAKA

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama, ingawa inanuka dagaa. Nadhani Godwin aliiweka karibu na mizigo. Hapa tu wazima. Mke wangu Eunice anakusalimu. Ana kikohozi kidogo, ni vumbi tu la hapa jirani, usiwe na wasiwasi.

Huenda hujasikia kwamba kanisa limenichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya usuluhishi. Sijisifu, lakini watu wanakuja mpaka kutoka Natta. Juzi nimepatanisha ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya jogoo. Jogoo tulimchinja tukamla wote kwa pamoja, na kila mmoja akaenda kwake ameridhika.

Ushauri wangu ni huu: usiende kushtaki. Dada, nimekaa mahakamani nikipiga muhuri ujana wangu wote. Sijaona mtu akitoka mle anacheka, hata aliyeshinda. Mshindi anarudi nyumbani na karatasi, na jirani yake bado yupo palepale, ila sasa ana kinyongo.

Isitoshe, sheria ya siku hizi haikuruhusu kuruka mpaka Bomani. Lazima uanze Baraza la Kata, nalo haliamui tena mashauri ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndipo linakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, ukakiwasilishe wilayani. Yaani huruhusiwi kugombana mpaka uthibitishe kwamba mlijaribu kupatana. Mimi naiona ni sheria nzuri sana.

Na ukifika mbele ya baraza, kumbuka neno moja ambalo huwa nawaambia watu wote: usimshinde mwenzako mbele ya watu. Mwachie mlango wa kutokea. Mtu aliyebanwa ukutani hapatani, anauma.

Ukipangiwa tarehe niandikie. Nitakuja mwenyewe kukaa upande wako.

Wako mtiifu,
Sylvester Mwikwabe
Mwenyekiti, Kamati ya Usuluhishi

—

Gorong'a,
24 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeandika "Yah" juu ya barua ya dada yako na kuweka cheo chini yake. Nimekusamehe yote mawili. Mpe Eunice pole ya kifua. Hapa nimemnywesha asali kila mtu anayekohoa, na mwaka huu asali ipo.

Nimefuata ushauri wako. Nimefungua shauri Baraza la Kata, na mwenyekiti, Mama Winfrida, ametupangia tarehe 18 Aprili, siku ya Alhamisi. Ni mwanamke mpole mwenye macho yasiyopepesa. Nilimwambia kwamba mdogo wangu ni msuluhishi wa Mugumu na atakuja. Alifurahi, akasema wataandaa kiti.

Nyangwine naye hajalala. Kaburi amelipaka chokaa. Ameweka na maua ya plastiki, mekundu. Elia, ambaye alikuwa hapendi hata shati la rangi, sasa anang'aa kama duka la simu.

Hilo ningelivumilia. Lakini Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikaenda kukaa pale kidogo, kama ninavyofanya siku zote. Mke wa Nyangwine akaniita kutoka uani kwake, akaniambia niwe naomba ruhusa kwanza.

"Ruhusa ya nani?" nikamuuliza. "Ya Elia?"

Alionekana ametumwa. Nami nikarudi nyumbani na vitu vya kupika vikabaki mezani, sikupika. Unajua kwamba nilishawaambia Rose na wewe pia mahali nitakapolala siku nikifa. Nataka kulala pale, Sylvester, na sitaki siku hiyo wanangu waanze kupiga hodi kwa shemeji.

Njoo.

Mokami

—

Mugumu,
29 Aprili 2024

YAH: KUTOFIKA KWANGU

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri. Hapa mvua ni nyingi na barabara imeharibika. Eunice bado anakohoa. Tumehamia kulala chumba cha nyuma, kina hewa zaidi.

Nakuomba radhi kwa kutofika tarehe 18. Nilikuwa na shughuli ya kiofisi isiyoahirishika, na nilipogundua kwamba siku zimegongana ilikuwa tayari nimechelewa kukujulisha. Najua utauliza ni ofisi gani mstaafu anayo. Ni mambo marefu.

Nashauri uombe baraza likupangie tarehe nyingine katikati ya Mei. Ila si tarehe 14 wala 21, kwani siku hizo pia nimebanwa. Kwa sasa vuta subira. Subira ndiyo nguzo ya usuluhishi. Watu wengi wanakimbilia kushtakiana kwa sababu ya hasira ya siku moja, halafu wanajuta mwaka mzima. Nimelihubiri hili kanisani Jumapili iliyopita, na watu waliguswa, hasa akina mama.

Wako,
Sylvester

—

Gorong'a,
26 Mei 2024

Mdogo wangu Sylvester,

Salamu. Hapa tu wazima, na maharage tumevuna. Dume la ng'ombe mwekundu limeanza kupiga watu pembe ambazo bado halina.

Tarehe 18 Aprili tulikusubiri. Kiti chako kilikuwepo, na mimi nilikuwa nimebeba karanga. Nyangwine naye alikusubiri kwa heshima kabisa, na karanga alizimaliza yeye. Baraza likaahirisha. Mei likapanga tarehe 14 kabla barua yako haijafika, ukakosa tena, likaahirisha tena. Mama Winfrida akaniuliza kwa upole kama huyu mdogo wangu ni mtu kweli au ni mfano.

Basi nikaona nije mwenyewe kukuuliza. Jumanne tarehe 21 nilipanda basi la asubuhi la Godwin. Nilifika kwako nikakuta mlango umefungwa. Nilikuwa nimesimama pale na mguu wangu, mwanamume mmoja mwenye unga mpaka kwenye nyusi akatoka nyumba ya pili, akaniambia, "Karibu ukae, mama. Utakuwa dada yake. Paji la uso ni lilelile."

Alikuwa Konstantino, jirani yako. Alinipa kiti, na mkewe Evelina akaniletea uji wa ulezi.

"Wameenda mahakamani," akasema.

"Kusuluhisha watu?"

"Kunishtaki mimi."

Nikamwambia mbona wewe uko hapa. Akasema kesi ilikuwa imeahirishwa, akaamua kurudi kwa sababu mashine ina wateja. "Mzee amebaki anabishana na karani juu ya tarehe inayofuata. Yeye anaijua sana kazi ile."

Alinionyesha mashine yake ya kusaga. Ni kweli, bomba la moshi linaelekea dirisha lako, na vumbi la pumba lipo, na kelele ipo. Ameniambia alitaka kuligeuza bomba, ukakataa ukisema angekuwa anaharibu ushahidi. Alitaka kufunga saa za mchana mlale, ukamwambia ayaseme hayo mbele ya hakimu. Akayasema. Hakimu akawaomba mwende mkasuluhishwe kwanza. Wewe ukasimama ukasema usuluhishi ni wa watu wasio na ushahidi.

"Watu walicheka," akaniambia. "Mimi sikucheka, mama. Huyu mzee ndiye aliyenipatanisha na Evelina mwaka juzi. Alikaa kwenye kiti hichohicho ulichokalia."

Sikumwuliza zaidi. Basi la kurudi lilikuwa linapiga honi, na kusema kweli sikutaka unikute pale nimeshika kikombe. Lakini uji ulikuwa laini sana. Mashine ile inasaga vizuri.

Sina swali. Nimekuandikia tu ili ujue nilifika.

Mokami

—

Mugumu,
16 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mvua zimekatika.

Nimepokea barua yako. Jambo la Konstantino na jambo lako ni vitu viwili tofauti kabisa. La kwako ni mgogoro. La kwangu ni haki. Eunice anakohoa mpaka anashika ukuta, na wewe unasifia uji.

Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa kuwa shauri liko mahakamani na sheria hairuhusu lizungumzwe nje.

Kama ungesubiri kidogo, uji ungeunywa kwangu.

Sylvester

—

Gorong'a,
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Eunice. Nimemtumia asali kwa Godwin, chupa mbili. Moja ni ya kifua. Ya pili afanye atakavyo.

Sikukujibu mapema kwa sababu sikujua niseme nini, na kwa sababu nilikuwa na kazi. Baraza la Kata limekaa, na limemaliza. Nitakusimulia, kwa kuwa kuna neno lako ndani yake.

Mama Winfrida hakutaka tukae ofisini. Alisema mpaka hauonekani kutoka ofisini. Tukaenda shambani, wajumbe wote, wazee wawili wa ukoo, Nyangwine na mkewe, na yule Masele aliyeitwa kama shahidi. Tulisimama kuzunguka lile kaburi jeupe.

Mama Winfrida akamwuliza Nyangwine anadai nini.

"Nadai kaburi la kaka yangu," akasema. "Hapa ni kwa baba yetu. Mwanamume wa Kikurya hazikwi kwenye shamba la mke wake. Kaburi ni la ukoo, na ukoo ni mimi."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona jua limeanza kunikaa vibaya. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za minyaa, nani alipanda, mwaka gani, na nina mashahidi. Lakini nilipomtazama Nyangwine nikaona yote hayo amejiandaa kuyakana. Nikaomba nafasi ya kusema.

"Nimekubali," nikasema.

Mama Winfrida akauliza nimekubali nini.

"Shemeji amesema kweli. Kaburi achukue. Lakini wazee wako hapa, watanisahihisha. Kwetu mwenye kaburi la mwenye mji ndiye mwenye mji wenyewe, na mwenye mji ndiye anayewatunza waliobaki ndani. Sisemi kurithiwa, umri huo umepita. Nasema kutunzwa. Bati langu linavuja upande wa jikoni. Mihogo haijapaliliwa. Ng'ombe inabidi wapelekwe josho. Mguu wangu unahitaji daktari wa Musoma, na mtu wa kunipeleka. Namshukuru shemeji kwa kujitolea. Ningeomba aanze Jumatatu."

Mmoja wa wazee ana sikio zito. Akaomba nirudie. Nikarudia yote, kuanzia bati. Yule mzee akafikiri, akamgeukia Nyangwine: "Mura, kijana wetu, ndivyo desturi ilivyo. Amesema sawa."

Wa kwanza kufungua mdomo hakuwa Nyangwine. Alikuwa mkewe. Alisema, "Nyangwine, hata letu linavuja."

Watu walicheka, Sylvester, mpaka wajumbe. Nyangwine akawa anatazama maua yake ya plastiki. Mama Winfrida hakucheka. Akamgeukia Masele, akamwambia atoe lile jiwe, maana kata nzima ilikuwa inalijua. Masele akaingiza mkono mfukoni akatoa jiwe, na mkono wa pili akatoa kisu.

"Hili? Ni la kunolea, mama. Mawe ya huku yanakamata chuma vizuri."

"Hakuna dhahabu?"

"Hapa? Ingekuwepo, mimi ningekuwa bado mpangaji?"

Uso wa Nyangwine sitaki kuueleza. Ningeweza kusema neno moja pale, na angelibeba mpaka kaburini kwake mwenyewe. Nilikuwa nalo tayari, limekaa ulimini. Nikakumbuka barua yako, ile ya mlango wa kutokea.

Nikasema: "Nadhani shemeji alikuwa analilinda tu kaburi. Ng'ombe walikuwa wanalikanyaga."

Nyangwine akarekebisha ua moja la plastiki.

"Ndiyo," akasema. "Ng'ombe."

Hakujawahi kuwa na ng'ombe. Wazee wanajua, Mama Winfrida anajua, hata Masele anajua. Lakini ng'ombe wameandikwa kwenye makubaliano, na wote tumetia saini, na Nyangwine akashukuriwa kwa chokaa. Wiki hiyohiyo aliing'oa minyaa mipya kwa mikono yake na kupanda mingine pale pa zamani. Alichinja mbuzi, tukala pamoja kichuri, ule mchuzi wa utumbo wake, kichungu kama inavyotakiwa.

Usifikiri nimekuwa mtakatifu. Bado simpendi. Lakini Jumapili nakaa pale na hakuna anayeniita. Maua ya plastiki nimeyaacha, nimeanza kuyazoea.

Neno lako lilifanya kazi. Nimeona nikuambie, maana huenda wewe mwenyewe hujapata nafasi ya kulijaribu.

Dada yako,
Mokami

—

Mugumu,
27 Oktoba 2024

YAH: HUKUMU

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwa habari za shamba, ingawa nimechelewa kusema. Asali ilifika. Dume la ng'ombe liko wapi sasa?

Nakuarifu kwamba nimeshinda. Hukumu imesomwa mwezi huu. Konstantino ameamriwa kuondoa mashine yake kwenye makazi ya watu, na ameiondoa. Ameihamishia upande wa pili wa mji, karibu na stendi. Hoja zangu zote zimekubaliwa. Mwanasheria mmoja kijana alinifuata nje akaniambia hajawahi kuona mtu anayejiendeshea kesi kwa mpangilio kama wangu.

Siku ile nilimwambia Eunice achinje kuku. Nilikuwa nimealika kamati. Walipata udhuru, mmoja mmoja, na wote walikuwa na udhuru mzuri. Tukamla wawili, na mabaki tukayala kesho yake.

Sasa ni kimya kabisa hapa. Nasikia saa ya ukutani. Watu wa mtaa wananisalimu vizuri, lakini kwa namna wanavyomsalimu hakimu, wakiwa wanaendelea kutembea. Mahindi yetu yanasagwa kulekule stendi, maana mashine nyingine ya karibu haipo. Eunice anajitwika debe na kupita mtaa mzima. Nilimwambia tununue unga wa dukani. Akajitwika debe, akatoka.

Kamati ya usuluhishi imepumzishwa kwa muda. Mchungaji amesema ni kwa ajili ya msimu wa kilimo.

Wako,
Sylvester

—

Gorong'a,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Hongera kwa ushindi. Dume tumeliuza kabla halijatuua. Mahindi yamekauka vizuri na Rose atakuja likizo.

Hukuniandikia jambo moja ambalo nilitafuta barua nzima. Kifua cha Eunice kikoje?

Nitakuja Krismasi kuwaona. Nitawasalimu na majirani, kwa kuwa nilikunywa uji wao na sijarudisha kikombe cha shukrani. Usinikataze.

Mokami

—

Mugumu,
19 Januari 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na ule mzigo wa viazi. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Evelina ameniambia kwamba siku ile kwao ulikunywa vikombe viwili na hukusema neno lolote juu yangu. Sijui kama nimwamini, lakini sikuulizi.

Nianze na uliloliuliza, ambalo nilikwepa hata ulipokuwa hapa. Eunice alipoendelea kukohoa baada ya mashine kuondoka, nilimpeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, akamwuliza anapikia nini. Akasema kuni. Akauliza jiko lina dirisha. Eunice akanigeukia mimi, na mimi nikashindwa kujibu, kwa sababu nimeishi nyumba hii tangu nihamie Mugumu na sikuwa najua. Halina. Daktari anasema ni moshi wa miaka mingi, na vumbi la pumba huenda lilizidisha tu. Nimetoboa dirisha wiki iliyopita. Mkaa nao nimeanza kununua. Kifua kinafunguka taratibu.

Mama yake Konstantino alifariki siku chache baada ya wewe kuondoka. Unajua msiba wa nyumba ya pili. Turubai lilifungwa mpaka kwenye ukuta wangu. Eunice alienda tangu saa ya kwanza, akakaa na wanawake. Mimi nilisimama getini kwangu nimevaa koti. Watu wakapita. Nilisubiri mtu aniambie, "Mzee, tuingie." Hakuna aliyeniambia. Mwishowe nikaingia peke yangu, nikakaa nyuma kabisa, mahali ambapo viti vimekwisha na wanakalia mawe.

Konstantino aliniona. Aliniletea sahani ya ugali na nyama mwenyewe, akaiweka mkononi mwangu, akaenda zake.

Baada ya matanga nikasikia hodi. Ni yeye. Akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mzee," akasema, "mimi na kaka yangu tumegombana juu ya kiwanja cha mama. Anataka twende mahakamani. Sitaki tufike huko. Naomba utusuluhishe."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamwuliza kwa nini mimi, wakati mtaa una wazee, na kuna mchungaji.

"Wao siwajui wakikasirika wanakuwaje," akasema. "Wewe nimeshakuona."

Nikakubali. Tulikaa mara tatu, yeye na kaka yake, hapa sebuleni kwangu, na wamegawana kiwanja bila kutukanana sana. Sikuhubiri. Nilisema machache kuliko kawaida yangu, na Eunice ananiambia ndiyo maana ilikwenda haraka.

Siku ya mwisho nilimsindikiza Konstantino mpaka getini kwake. Nikamwambia lile nililokuwa nalitafutia maneno tangu msibani, kwamba kama angependa kuirudisha mashine, mimi sitakuwa na neno, na bomba tungeligeuza, na ningemwandikia kwa mkono wangu kwamba nimeridhia.

Alifikiri. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Haiwezekani, mzee," akasema. "Kule stendi nimeshalipia chumba na wateja wameshanizoea. Halafu hukumu ni hukumu. Ulishinda."

Basi, tunasalimiana. Jana alinipa miche ya mipapai. Lakini mashine haipo, na haitarudi.

Leo asubuhi nilimwambia Eunice apumzike, debe nitalipeleka mimi. Baiskeli ina pancha, kwa hiyo nililitia begani. Ni mbali, dada. Sikujua ni mbali hivyo. Nilipita mbele ya nyumba za watu wote niliowahi kuwapatanisha, na wale ndugu wa jogoo walikuwa wamekaa barazani pamoja wanakunywa chai. Waliponiona wakasimama wote wawili kwa heshima.

"Shikamoo, mshindi," wakasema.

Nikaitikia marahaba, nikabadilisha bega.

Mdogo wako,
Sylvester